Malalamiko ya Jirani Si Husuda

Imezuka katika miji yetu kasumba mbaya ambayo hatuna budi kuikemea waziwazi. Mtu akipata fedha kidogo, ziwe za mkopo wa benki au za kiinua mgongo, huazimia kuikarabati nyumba yake. Huvunja ukuta huu, huongeza chumba kule, hubandua sakafu ya saruji aweke marumaru, na mwenye tamaa zaidi hupandisha ghorofa juu ya msingi uliochimbwa kwa ajili ya nyumba ya chini. Kukarabati si kosa. Mwananchi aitunzaye nyumba yake anastahili sifa, kwa kuwa nyumba nzuri ni mali ya mtaa mzima hata kama hati ina jina la mtu mmoja. Kosa huanza siku jirani anapobisha hodi kusema kwamba vumbi limejaa jikoni mwake, au kwamba ukuta wake umepata ufa tangu msingi ulipoanza kuchimbwa. Hapo ndipo mwenye nyumba, ambaye mara nyingi ni msomi na mtumishi mwenye dhamana, hugeuka ghafla akawa sultani. Jibu lake huwa hilo hilo, kutoka Mbeya hadi Tanga: nyumba ni yangu, kibali ninacho, na wewe una wivu.

Yafaa tulitazame kwanza neno hilo la mwisho, kwa sababu ndilo lenye sumu. Katika jamii yetu hakuna tuhuma iliyo nyepesi kutamkwa na nzito kuondolewa kama husuda. Anayeshtakiwa kwa wizi anaweza kuonyesha kwamba hakuwapo. Anayeshtakiwa kwa husuda hana ushahidi wa kutoa, na kila neno atakalolisema kujitetea huhesabiwa kuwa ni husuda nyingine. Kwa hiyo mjane anayeishi kwa kukodisha vyumba viwili, au mpangaji ambaye hana hata tofali moja katika mji huu, huona heri anyamaze na kufunga madirisha katika joto la Februari kuliko kuitwa mchawi wa maendeleo ya wenzake. Neno wivu limekuwa kufuli la midomo ya wanyonge, na wanaolitumia wanajua vizuri kazi yake.

Ama kuhusu kibali, ni lazima ieleweke kwamba kibali cha ujenzi ni ruhusa ya halmashauri kujenga kwa kufuata ramani iliyopitishwa. Hakimpi mtu ruhusa ya kupiga grainda saa nne za usiku, wala ya kumwaga kifusi katika mtaro wa maji ya mvua, wala ya kutikisa msingi wa nyumba ya pili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu aishiye nchini haki ya kuwa katika mazingira safi, salama na yenye afya, na Kanuni za 2015 kuhusu kelele na mitetemo zinatofautisha kinachovumiliwa mchana na kinachovumiliwa usiku. Kwa wanaoishi katika maghorofa, ambako dari ya huyu ni sakafu ya yule, ipo pia Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008. (Tena wapo wanaotamba kwa kibali ambacho, kikifunuliwa, ni cha ukuta wa uzio tu, ilhali nguzo za ghorofa ya pili zimekwisha kusimama.)

Watatokea watakaosema kwamba kelele na vumbi ni usumbufu mdogo wa mijini, na kwamba anayetaka ukimya arudi kijijini. Basi tuyaache hayo kwa muda, tuutazame ufa.

Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo na kuwaua watu zaidi ya 20, wengi wao wakiwa wafanyabiashara na wateja waliokuwa ndani. Mashuhuda walieleza kwamba siku iliyotangulia kazi ya kupanua sehemu ya chini ya ardhi ya jengo hilo ilikuwa imeanza. Kabla ya hapo, tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu zaidi ya 30, na miongoni mwa waliofukiwa walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza kando yake. Hatudai kwamba lalamiko la jirani lingeyazuia maafa hayo mawili. Tunasema tu kwamba jengo likianguka halichagui mwenye hati, na kwamba anayeishi ukuta kwa ukuta na kazi ya ujenzi ni mkaguzi ambaye taifa halimlipi mshahara. Yeye ndiye anayesikia mlango ulioanza kukwama katika fremu yake. Yeye ndiye anayeona mstari mwembamba juu ya dirisha ambao jana haukuwapo. Mhandisi wa halmashauri, ana bidii kiasi gani, hawezi kulala katika kila nyumba.

Methali ya ufa na ukuta kila mwalimu ameifundisha. Ni ajabu basi kwamba mwalimu huyo huyo, akiwa na mafundi nyumbani kwake, huletewa habari ya ufa naye akauliza umeletwa na nani.

Wala kuutambua ufa wa hatari si elimu ya siri. Kabla nyundo ya kwanza haijainuliwa, mwenye nyumba na jirani yake wapite pamoja na fundi kando ya kuta zote zinazopakana, waandike katika daftari nyufa zilizokwishakuwapo, kisha wote wawili watie sahihi. Kwenye ncha ya kila ufa ipigwe alama ya penseli pamoja na tarehe. Mafundi wa zamani walikuwa wakigundisha kipande chembamba cha kioo kukatisha ufa: kioo kikipasuka, ukuta unatembea, na kazi inasimama mpaka aitwe mhandisi. Hayo yote hayagharimu hata bei ya boksi moja la marumaru, nayo huwalinda wote wawili. Jirani mkorofi hataweza kudai fidia ya ufa wa miaka kumi iliyopita; mjenzi mkaidi naye hataweza kusema kwamba ufa wa wiki iliyopita ulikuwapo tangu enzi za Wajerumani.

Katika Mji Mkongwe wa Unguja jambo hili linaonekana waziwazi zaidi. Nyumba za kule zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi zimeegemeana. Chokaa hupumua, saruji haipumui. Anayeupiga ukuta wa zamani lipu ya saruji ili ung'are huufungia unyevu ndani, nao ukikosa pa kutokea huanza kuula ukuta ambao upande wa pili unamsitiri mtu mwingine. Je, jirani akisema ukuta wake unatoka maji, huo nao ni wivu?

Turudi sasa kwenye vumbi, maana si dogo kama linavyosemwa. Vumbi la zege, mawe na vigae vinavyokatwa vikiwa vikavu lina silika, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu pasipo tiba ya kuyarudisha. Kukata kwa maji na kutundika turubai kunapunguza sehemu kubwa ya madhara hayo. Kinachokosekana ni utashi tu. Lililo baya zaidi ni paa. Nyumba nyingi za zamani za Serikali, pamoja na majengo ya shule na vyuo, ziliezekwa kwa vigae vya asbesto. Serikali ilipoanza kuwauzia watumishi nyumba zake 2002, baadhi ya wanunuzi walinunua na paa hizo, na tangu wakati huo zimekuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, na zikipeperuka hazisomi mpaka wa kiwanja. Mtu anayewaamuru vibarua walivunje paa la namna hiyo kwa nyundo, bila kulilowanisha na bila barakoa, huku watoto wa jirani wakicheza uani, halafu akamwita mama yao mgomvi alipolalamika, hafai kuitwa mstaarabu hata akiwa na shahada tatu ukutani.

Wengi wa watu hawa si wakatili kwa tabia, na kasumba hii ingekwisha upesi kama mwenye nyumba angekuwapo kuyasikia malalamiko. Mara nyingi hayupo. Amehamia kwingine mpaka kazi iishe, au yuko Dodoma kikazi, na katika eneo la ujenzi wamebaki fundi mkuu na vijana wake. Jirani akija, fundi humjibu kwa kweli kabisa kwamba yeye ni mtu wa kutumwa, mwulize bosi. Na namba ya bosi haitolewi. Siku ya pili jirani huja na maneno makali zaidi, fundi naye huchoka kutukanwa kwa kosa lisilo lake, na siku ya tatu ugomvi umekwisha kufika kituo cha polisi. Tusimlaumu fundi. Amelipwa kwa kipande cha kazi, si kwa siku, na aliyemwambia kwamba marumaru yawe yamekwisha kabla ya sikukuu ndiye aliyemlazimisha kuwasha grainda usiku. Malalamiko yasiyo na mtu wa kuyapokea hayapotei, huoza, na kinachooza mtaani kinanuka nyumba zote.

Hapa ndipo hoja yetu inapowahusu hasa watumishi wa umma. Afisa huyu, akiwa kazini, barua ya mwananchi ikifika mezani kwake hugongwa muhuri wa kupokelewa, hupewa namba, huingizwa katika faili na hujibiwa, hata kama jibu ni la kukataa. Anajua kabisa kwamba barua isiyojibiwa ni mwanzo wa malalamiko kwa mkubwa wake. Kwa nini basi adabu hiyo aivue langoni kwake pamoja na tai? Kabla ya kuanza ukarabati angepita kwa majirani zake, apige hodi, awaeleze: kazi inaanza siku fulani, tutakuwa tukianza saa mbili asubuhi na kuacha saa kumi na moja jioni, Jumapili hatufanyi kazi, zege la kelele nyingi litamwagwa Alhamisi, na hii ndiyo namba yangu. Kwa dakika kumi katika kila nyumba angekuwa amemaliza nusu ya ugomvi wa miezi sita. Angesikia pia kwamba nyumba ya pili kuna mzee mgonjwa asiyelala usiku, na nyumba ya tatu kuna mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa darasa la saba wa Septemba. Mwalimu ambaye darasani hudai ukimya wa kusikia sindano ikianguka, hata mmoja, asihitaji kufundishwa hilo.

Na jirani akileta lalamiko katikati ya kazi, lipokelewe siku hiyo hiyo, liandikwe, likaangaliwe kwa macho. Kama ni la kweli lirekebishwe kabla fundi hajalipwa fungu lake la mwisho, kwa kuwa fundi akishalipwa na kuondoka, bomba la jirani lililokatwa litabaki hivyo mpaka Idi mbili. Kuomba radhi hakumvunjii mtu heshima.

Hatusemi kwamba kila anayelalamika ni malaika. Wapo wanaokaa kimya miezi mitatu wakitazama ukuta ukipanda ndani ya mpaka wao, kisha wanajitokeza siku ya kupaka rangi wakitaka fedha. Wapo pia wanaochukia hata sauti ya mwiko. Watu hao daftari lililotiwa sahihi litawaumbua.

Linabaki suala la viongozi wa mitaa. Baadhi yao mwananchi anapowafikia humwuliza kwanza aliyelalamikiwa ni nani. Wakisikia cheo chake, humshauri mlalamikaji ampishe mwenye nguvu. Huko ni kuikimbia kazi. Ni kweli kwamba Mabaraza ya Kata, yaliyoanzishwa kwa sheria ya 1985, tangu mabadiliko ya 2021 hayana tena mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yamebakiwa na usuluhishi. Lakini usuluhishi ndio hasa unaotakiwa katika shauri la vumbi, mtaro na saa za kazi, nao una faida ukifanywa mapema, si ukuta ulipokwisha kuanguka. Tunapendekeza halmashauri zisitoe kibali cha ukarabati mkubwa mpaka mwombaji alete karatasi ya mtaa inayoonyesha kwamba majirani wa pande zote wamearifiwa kwa maandishi, na kwamba namba ya mtu anayepokea malalamiko imebandikwa langoni kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani. Pendekezo hilo litahitaji vikao. Daftari la malalamiko ya ujenzi halihitaji kikao: Mtendaji wa Mtaa anaweza kulifungua Jumatatu hii asubuhi, bila kusubiri waraka kutoka Dodoma.