Kilio cha Mtoto na Pete ya Mtawala

Wengi wetu tuliiona filamu kwanza, kwa jina lake la Kifaransa Les Fils de l'homme, kabla ya kujua kwamba ilitokana na kitabu. Riwaya hiyo ya P. D. James, Mwingereza na mwamini wa Kanisa la Anglikana, ilitolewa mwaka 1992. Filamu ya Alfonso Cuarón wa Meksiko ilifuata mwaka 2006. Zote mbili zinasimulia nyakati zijazo ambapo duniani pote hakuna mtoto anayezaliwa tena.

Wako wanaosema kwamba Cuarón alikiharibu kitabu. Hatukubaliani nao. Katika riwaya, serikali huwapima wenye afya kamili tu, ikitafuta wanaoweza kuzaa. Julian hakupimwa, kwa kuwa mkono wake una kilema. Wala padri Luke, kwa kuwa aliugua kifafa utotoni. Ni hao wawili wanaopata mtoto (naye Julian ni mke wa mtu mwingine, mwandishi halifichi jambo hilo). Katika filamu, mwenye mimba ni Kee, msichana mkimbizi kutoka Afrika, katika Uingereza inayowafungia wageni vizimbani. Mtu ni mwingine, lakini wazo ni lile lile: uzima unatoka kwa yule asiyehesabiwa. Sisi wa mashariki mwa Kongo, tunaojua kambi ni nini, hatuhitaji kuelezwa vile vizimba.

Tofauti kubwa iko katika kilio cha mtoto. Katika filamu, vita vinapopamba moto, mtoto analia, nao askari wanaacha kupiga risasi. Wengine wanapiga magoti. Kisha risasi zinaanza tena. Hatujaona sehemu nyingine ya filamu hiyo inayoishinda hii.

Katika kitabu, kilio hicho kinamshtua Xan, mtawala wa Uingereza, wakati yeye na binamu yake Theo wameelekezeana bastola. Risasi ya Xan inakosa. Ya Theo inaua. Ndipo Theo anamvua maiti pete ya utawala na kuivaa. Julian, ambaye ametoka tu kujifungua, anamwambia kwamba pete ile haikufanywa kwa ajili ya kidole chake. Theo anajibu kwamba kwa sasa inafaa, ataivua baadaye. Kisha anamtia mtoto ishara ya msalaba kwenye paji la uso, na pete haijavuliwa.

Theo wa filamu hafikii jaribu hilo: anakufa mashuani kwa jeraha, akiwa safi machoni petu. Tunamlilia, lakini tunaona Cuarón alimwondolea mzigo mzito kuliko kifo. Katika nchi yetu, ambako wengi walikuja wakijiita wakombozi na kuahidi kwamba silaha ni za muda tu, jibu la Theo wa kitabu tumelisikia mara nyingi.

Kwa hiyo tunaviomba vikundi vitakavyoonyesha filamu hii vitafute mtu wa kuwasimulia wenzake sura ya mwisho ya riwaya, tena kabla ya majadiliano kuanza.