Nikikumulikia taa upunguze mwendo, kosa langu ni lipi?

Kama umewahi kupanda matatu ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru, hii lugha unaijua. Ni saa sita mchana, jua linawaka, halafu gari linalokuja upande ule mwingine linakumulikia taa mara mbili. Dereva wako haulizi kitu. Mguu unatoka kwa mafuta, mshale wa spidi unashuka, makanga anageuka na kusema "wasee, mishipi", na yule abiria aliyekalia sambaza anaambiwa ainame kidogo. Kilomita moja mbele, chini ya mti, wako pale: karao wawili na kamera ya kupima kasi. Mnawapita polepole, nyuso za upole, utadhani mnaenda kuzika.

Mimi hiyo lugha niliisomea mlangoni. Karo iliponishinda niliacha chuo mwaka wa pili, nikafanya umakanga karibu miaka miwili kabla nianze kuandika. Somo la kwanza nililofunzwa halikuwa kuhesabu nauli. Lilikuwa la mkono: kiganja kikiangalia chini, unakipigapiga hewani kama unayemtuliza mtoto, maana yake punguza, wako mbele. Hakuna anayekulipa. Leo unamwonya mtu usiyemjua, kesho mtu usiyemjua anakuonya.

Sasa niambie wewe, hiyo ni hatia?

Kuna mahali jibu limekuwa ndiyo. Januari 2011, katika mji wa Grimsby kule Uingereza, mzee wa miaka 64 alipatikana na hatia kwa sababu aliwamulikia wenzake taa kuwaonya kwamba polisi wanapima kasi mbele. Kosa aliloandikiwa ni kumzuia polisi kimakusudi kufanya kazi yake. Alipigwa faini ya pauni 175 na kuagizwa alipe pauni 250 za gharama ya kesi. Mzee alijitetea kwamba alikuwa anajaribu kuzuia ajali. Hakimu hakumsikiza. Madereva wengi walipandwa na hasira, na ukinipa nafasi nitakasirika nao hata leo, ingawa sina gari na sijawahi kufika huko.

Kabla useme hayo ni mambo ya wazungu, fungua sheria zetu. Kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaja mtu anayemzuia polisi kimakusudi akiwa kazini, na kifungo chake kinafika miaka 5. Maneno hayo tulirithi kwa Mwingereza na hatujayabadilisha sana. Akitokea askari mwenye hasira na hakimu mwenye haraka, taa yako inaweza kuingizwa humo bila shida.

Hoja yangu ni rahisi. Kazi ya yule karao chini ya mti ni gani? Kama ni kufanya magari yapunguze mwendo, basi aliyewasha taa amemsaidia, tena bure. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anayetembea kwa miguu akigongwa na gari linaloenda kilomita 65 kwa saa, hatari ya kufa ni mara 4.5 zaidi ya akigongwa na gari la kilomita 50. Tofauti ni kilomita 15 tu, na mwendo huo unaupoteza ukitoa mguu kwa mafuta sekunde chache. Barabara zetu zinaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na wengi wao hawakuwa ndani ya gari. Wengine walikuwa wanavuka. Mama anavuka kwenda sokoni na gari limeshuka hadi 50 kwa sababu mtu aliwasha taa. Hapo nani amezuiwa kazi?

Ila kama kazi ni kukusanya faini, hapo ndio naelewa hasira. Sheria ya makosa madogo ya trafiki ya 2016 iko hivi: ukizidisha mwendo kwa kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Umeona hiyo ngazi? Kuna mtu ambaye akipigwa hiyo 10,000 analala njaa, na kuna mwingine hiyo ni chakula cha jioni moja na marafiki. Na kati ya 10,000 ya korti na noti iliyokunjwa ndani ya leseni, wewe unajua watu huchagua nini. Kwa hivyo madereva wanapowashiana taa, mara nyingi hawamkimbii mtu wa sheria. Wanakimbia kulipia chai ya mtu.

Kuna jaji wa Marekani aliyeliona jambo hili vizuri. Novemba 2012, dereva mmoja wa Ellisville, jimbo la Missouri, aliandikiwa kosa kwa kuwamulikia wengine, na faini ingeweza kufika dola 1,000. Shtaka lilitupwa, lakini jamaa hakunyamaza, alienda korti ya shirikisho kuushtaki mji wenyewe. Februari 2014, Jaji Henry Autrey aliuzuia mji huo kuwakamata watu kwa sababu hiyo. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba anayemulika taa anawaambia wenzake waendeshe jinsi sheria inavyotaka. Ni ujumbe, na ujumbe una ulinzi wa katiba yao.

Nilipomsomea rafiki yangu mmoja hayo, alicheka. Yeye ni mwalimu, shule yao iko kando ya lami. Akaniuliza, "Na mkishawapita hao polisi, mlikuwa mnafanya nini?"

Hapo alinibana. Ukweli ni kwamba tukishawapita, dereva wangu alikuwa anasema "turudishe dakika zetu," na mguu unarudi chini. Tulipunguza kilomita mbili, tukakimbia arobaini. Hoja ya mwalimu ni kwamba kamera iliyofichwa inakufanya uogope kila mti, lakini ukionywa unaogopa mti mmoja tu. Siwezi kusema hana akili. Lakini shule yake nayo haijawahi kuona kamera hata siku moja. Kamera huwa imewekwa kwa mteremko, pale gari linajivuta lenyewe, na kibao cha 50 kilishang'olewa kikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Iwekwe pale watoto wanavuka, na kibao kisimame hapo kikubwa kabisa, na mimi nitamulika taa nikikaribia hiyo shule kila siku bila hata polisi kuwepo.

Na tusijidanganye kwamba huu ujanja ulianzia kwa mathree. Mwaka wa 1905 matajiri wa Uingereza waliokuwa na magari waliunda chama, AA, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuwaonya wanachama kuhusu mitego ya polisi. Walituma vijana kwa baiskeli. Miaka michache baadaye korti ikaamua kijana anayemwonya dereva anayevunja sheria anamzuia polisi. Unajua walifanya nini? Kijana wa AA alikuwa na desturi ya kumpigia saluti kila mwanachama anayepita. Wakaambiana: ukiona hakupiga saluti, simama umuulize kwa nini. Sasa mshtaki mtu kwa saluti ambayo hakupiga! Walivaa suti na kofia, lakini ni makanga tu.

Ningeweza kukomea hapo, na ningekuwa nimeshinda hii kesi. Lakini kuna kitu sijakwambia.

Estate yetu ina grupu ya WhatsApp, watu kama 180. Ni ya maji kukatika, mbwa kupotea na stima kuzima. Wikendi inageuka kuwa grupu ya alcoblow. Mtu anauliza "wako wapi leo?" na majibu yanashuka. Nilikuwa mmoja wa wale wanaojibu haraka. Niliona ni kitu kimoja na kule kuwasha taa, ule undugu wa barabarani. Ijumaa moja ya Desemba niliandika: wako hapo rauni, tumieni njia ya nyuma. Nikapata vidole gumba kama kumi.

Jirani mmoja alitumia hiyo njia ya nyuma. Ni njia ya murram, haina taa, na boda wengi hupitia hapo usiku. Alimgonga kijana wa boda kutoka nyuma. Kijana hakufa. Mguu ulivunjika mara mbili, pikipiki ya mkopo ikaisha. Bado namwona steji, anaoshea wenzake pikipiki akiwa ameketi kwa debe. Hunisalimia vizuri. Hakuna anayenilaumu, maana hakuna anayekumbuka nani aliandika nini kwa grupu.

Nimeifikiria sana hiyo Ijumaa, na tofauti niliyoiona ni hii. Anayeenda mbio ukimwonya, anapunguza, na papo hapo anakuwa dereva salama kuliko alivyokuwa. Mlevi ukimwonya, habadiliki. Analewa vile vile, ila sasa umemhamisha kutoka barabara yenye taa na polisi hadi njia yenye giza na watu. Taa yangu ya mchana ilikuwa inatoa hatari barabarani. Ujumbe wangu wa usiku uliihamisha tu, ukaipeleka kwa boda.

Wafaransa wamepitia haya yote, na ndio maana nawataja. Desemba 2014 korti ya Rodez iliwapokonya watu 15 leseni kwa mwezi mmoja kwa sababu ya kuandika kwa Facebook mahali polisi walipo. Korti ya rufaa ya Montpellier ikawaachilia mwaka uliofuata, na 2016 korti ya juu ikakubaliana nayo: Facebook si chombo kilichotengenezwa kukwepa polisi. Hapo madereva walishinda. Kisha serikali ikarudi na sheria nyingine, ilianza Novemba 2021. Polisi wakifanya msako wa pombe au dawa za kulevya, programu za ramani zinaweza kuamriwa zifiche msako huo hadi saa 2. Kama mtu ametekwa nyara au ni jambo la ugaidi, hadi saa 12. Kupima kasi hakumo kwenye hiyo orodha.

Kwa hivyo usinipige faini kwa taa. Mtu akiletwa kortini kwa kupunguza mwendo wa magari, nitakuwa nje na bango. Lakini siwezi tena kusimama na wewe unayetaka haki ya kuandika "alcoblow iko wapi" kana kwamba ni kitu kile kile. Najua utasema alcoblow nayo ni ya kukusanya chai, na kuna usiku ambao ni kweli. Basi tupiganie hilo, risiti itolewe, kipimo kionyeshwe. Boda wa njia ya nyuma hana habari na hiyo vita yetu.

Ijumaa iliyopita mtu aliuliza kwa grupu, saa nne usiku. Niliona swali, na nilijua jibu kwa sababu nilikuwa nimetoka kupita hapo kwa miguu. Niliweka simu mezani. Dakika mbili hazikuisha, mwingine akawa ameshajibu, na vidole gumba vikaanza.