Anza na Baiskeli

Mtahiniwa, ukimaliza kidato cha nne na kupata kibarua, utatamani kukopa pikipiki ya kwendea kazini. Maoni yangu: anza na baiskeli. Haidai petroli wala rejesho la kila wiki. Kilomita 5 ni dakika 25 hivi kwa mwendo wa kawaida. Kweli, jua litakuchoma na mvua itakulowesha. Hivyo chagua baiskeli ya kazi, si ya mbwembwe: yenye madigadi ya kuzuia tope, keria ya mzigo, kengele na taa. Ijaze upepo, paka mnyororo mafuta, kagua breki. Watakaokucheka, waambie wakaone Shinyanga watu wazima wanavyoendesha baiskeli bila haya. Mshahara wa kwanza ni mdogo, usiumalizie njiani.