Pumzi ya Askari Ipimwe Kabla ya Mionzi na Baada Yake

ASKARI hufundishwa kuvumilia tangu siku yake ya kwanza kambini. Huvumilia jua la Imbo, baridi ya milima ya Mugamba, kiu, njaa na usiku wa lindo usio na usingizi. Uvumilivu huo ni sifa njema, na nchi inauheshimu. Lakini yuko adui mmoja anayenufaika na uvumilivu wetu, naye ni ugonjwa wa mapafu. Leo tunataka kusema juu ya saratani ya mapafu, na hasa juu ya jambo lisilozungumzwa sana: hali ya pumzi ya mgonjwa baada ya kutibiwa kwa mionzi.

Urafiki wa askari na sigara ni wa zamani. Katika Vita Vikuu vyote viwili vya Dunia, sigara ziligawiwa wanajeshi pamoja na chakula. Jeshi la Marekani liliendelea kuzitia katika posho ya vitani hadi mwaka 1975, ingawa Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walikuwa wameonyesha tangu mwaka 1950 jinsi sigara inavyohusiana na saratani ya mapafu. Ugonjwa huu huwapata pia watu wasiovuta, lakini mvutaji ndiye aliye hatarini zaidi.

Kwa miaka mingi, mgonjwa wa Burundi aliyehitaji mionzi alilazimika kuvuka mpaka, aende Mulago mjini Kampala, Ocean Road mjini Dar es Salaam, Nairobi au mbali zaidi. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Mulago iliharibika kabisa, na wagonjwa wa Uganda na wa nchi jirani wakahangaika hadi mashine mpya ilipozinduliwa Januari 2018. Mwaka 2019 hospitali ya jeshi ya Kanombe, mjini Kigali, nayo ilianza kutoa tiba hii. Safari hizo ndefu zimewazoeza watu kudhani kwamba kazi yote ni kuifikia mashine. Mgonjwa akirudi Bujumbura, jamaa humshukuru Mungu na kuihesabu vita kuwa imekwisha. Hapo ndipo penye hatari.

Mionzi huua chembe za saratani, lakini njiani hupita katika sehemu za pafu zilizo nzima. Vifuko vidogo vya hewa vilivyoguswa huweza kuvimba. Uvimbe huo hauji siku ile ile ya tiba. Kwa kawaida hujitokeza kati ya mwezi mmoja na miezi sita baadaye, wakati mgonjwa amekwisha kurudi nyumbani na daktari aliyemtibu yuko mbali. Dalili zake ni kikohozi kikavu, homa ndogo na kukosa pumzi. Baada ya miezi sita au zaidi, sehemu hiyo ya pafu huweza kubaki na kovu gumu lisilopitisha hewa vizuri. Wagonjwa wengi hupatwa na madhara madogo tu, lakini wako wanaodhurika sana, na wachache hupoteza maisha.

Kwa sababu hiyo, daktari hupima nguvu ya mapafu kabla ya mionzi. Mgonjwa huvuta hewa kwa ukamilifu, kisha huipuliza kwa nguvu zote ndani ya chombo kiitwacho spirometa. Mtu mwenye mapafu mazima hutoa kiasi cha robo tatu ya hewa hiyo katika sekunde ya kwanza. Kuna kipimo kingine kinachoonyesha jinsi hewa inavyopita kutoka kwenye mapafu kuingia katika damu, na hicho ndicho kinachoathiriwa zaidi na mionzi. Askari asiseme, "Mimi hukimbia kila asubuhi, sina haja ya kupimwa." Mwili uliozoezwa huweza kuuficha upungufu kwa muda mrefu.

Vipimo hivyo havikusudiwi kumnyima mgonjwa tiba. Humsaidia daktari kupanga njia ya mionzi na kiasi chake, ili pafu zima liguswe kidogo iwezekanavyo. Wala mionzi mingi si lazima iwe bora. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2015 ulilinganisha wagonjwa waliopewa kipimo cha grei 60 na wale waliopewa grei 74. Nusu ya kundi la kwanza waliishi zaidi ya miezi 28, ilhali katika kundi la pili muda huo ulikuwa miezi 20 tu. Pia tusiwatishe wagonjwa. Uvimbe uliokuwa umeziba njia ya hewa ukisinyaa, wako wanaopumua vizuri kuliko hapo awali. Kuikimbia tiba kwa kuogopa madhara yake ni kumwachia adui uwanja.

Hapa kwetu kuna tatizo jingine. Kikohozi, homa na kukonda huwafanya watu wafikirie kwanza kifua kikuu, na wana sababu, kwa maana maradhi hayo yangali nasi. Lakini uvimbe wa mionzi hutibiwa kwa dawa za jamii ya prednisoloni, ambazo hupunguza kinga ya mwili. Akipewa mtu mwenye kifua kikuu kisichogunduliwa, maradhi yake huweza kuenea. Na mwenye uvimbe wa mionzi akipewa dawa za kifua kikuu peke yake, atazimeza miezi sita huku pumzi ikizidi kumwishia. Kwa hiyo makohozi hayana budi kupimwa, na picha ya kifua ilinganishwe na karatasi inayoonyesha mionzi ilipita wapi. Daktari asiye na karatasi hiyo anafanya kazi gizani.

Tunaona kuna mambo matatu ya kufanya. Kwanza, kila anayepelekwa kutibiwa nje arudi na maandishi kamili: kiasi cha mionzi, sehemu iliyopigwa, tarehe ya kumaliza na vipimo vya pumzi vya mwanzo. Maandishi hayo ayatunze kama anavyotunza kitambulisho chake. Pili, vituo vya afya vya kambi na vya polisi vipatiwe spirometa, chombo ambacho gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya mashine ya mionzi, na mgonjwa aangaliwe kila mwezi kwa miezi sita ya kwanza, hata kama hajalalamika. Tatu, wakuu wa vikosi wasimhesabu askari aliyetoka kwenye mionzi kuwa mtegaji wa kazi. Bujumbura iko karibu mita 800 juu ya bahari, na Bugarama iko zaidi ya mita 2,000. Mtu anayepumua bila taabu kando ya Ziwa Tanganyika huweza kuzidiwa akipangiwa doria huko juu, na kamanda asiyejua hayo atamwadhibu mgonjwa badala ya kumpeleka hospitali.

Nawe ndugu askari, nawe ndugu polisi, mwanamume kwa mwanamke, una sehemu yako. Sigara uiache leo, na hata aliyekwisha kuugua hufaidika akiiacha. Kikohozi kinachopita wiki tatu, au makohozi yenye damu, yapeleke kwa daktari. Ukiisha kutibiwa kwa mionzi na pumzi ikaanza kukupungua, nenda siku hiyo hiyo, nawe useme wazi kwamba ulipigwa mionzi na lini. Ukipewa prednisoloni, usiikatishe ghafla kwa kuwa umepata nafuu; hupunguzwa polepole kwa amri ya daktari.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Mlinzi anayeona jambo la hatari hulitolea taarifa mara moja, wala hangoji kupambazuke. Askari aiarifu hali ya kifua chake vivyo hivyo, na wakuu wake waipokee taarifa hiyo kwa uzito ule ule.