Teatri irudi kwa wenyewe



Mwaka 2008, huko Chicago, kulichezwa mara ya kwanza teatri moja inayoitwa Ruined. Mwandikaji ni Lynn Nottage, mwanamuke wa Marekani. Mbele ya kuandika, alienda Uganda kusikiliza wamama wa Kongo waliokimbia vita ya kwetu. Mwaka 2009 teatri hiyo ikapata zawadi ya Pulitzer.

Ndani yake kuna Mama Nadi, mwenye baa karibu na machimbo ya koltani. Kwake wanakunywa askari wa serikali, wanakunywa waasi pia. Wote wanaumiza wanawake walewale. Basi ile swali tunaulizwa kila siku, kwamba sisi vijana tuko upande gani, jibu yetu njo hii: upande wa wale wanawake.

Hatulalamike kama mgeni ameandika mambo yetu. Alisikiliza kwanza, viongozi wetu wengi hawajafanya hata hiyo. Lakini kule watu wanapiga makofi, wanarudi kwao. Sisi hatuna pa kurudi: hapa njo kwetu.

Kwa hiyo tunaomba vijana wa kila kartie: itisheni wachezaji, kiwanja cha shule kinatosha. Tucheze mambo haya kwa Kiswahili, wamama wakae mbele, watuambie wapi tunadanganya. Na nyuma ya machozi tuulize: nani atahukumiwa, lini, na tribinali gani?

Teatri haifungi mtu. Lakini kimya yetu njo inalinda wauaji.