Feni Yako ya Dari Inakula Tokeni Kuliko Unavyodhani, na Mafundi wa Majengo Wanajua Mbona

Wasee wa Mombasa, leo tuongelee kitu kinachozunguka juu ya kichwa chako ukiwa umelala. Najua ulidhani ni habari za siasa. Kaa hapo, siasa iko ndani.

Ukiwa kisiwani Februari hadi Machi, feni si mambo ya kujionyesha. Jasho linakutoka ukiwa umekaa tu. Nyumba za Majengo zimebanana vile unajua, upepo wa baharini ukifika Mwembe Tayari unachoka unarudi. Kwa hivyo feni inawashwa saa moja jioni, inazimwa saa moja asubuhi. Masaa 12, kila siku, na hapo sijahesabu mchana wa Jumapili.

Sasa toa simu tupige hesabu. Feni ya dari ya kawaida, ile ya bei poa, inavuta wati 75 hivi ikiwa spidi ya mwisho. Ukizidisha na masaa 12 unapata uniti 0.9 kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 27. Feni moja.

Mbona hiyo 27 inauma? Kwa sababu tangu Aprili 2023, EPRA ilipopitisha bei mpya za stima, ile bei ya chini kabisa ya mtu wa kipato kidogo ni ya nyumba inayotumia uniti 30 kwenda chini kwa mwezi. Kabla ya hapo mpaka ulikuwa uniti 100. KPLC wanaangalia wastani wako wa miezi mitatu, ukipita 30 unapandishwa daraja na kila uniti inakuwa ghali. Yaani mtu wa Majengo mwenye chumba kimoja, feni moja, balbu mbili na chaja ya simu tayari yuko nje. Hana friji, hana TV kubwa, hana pasi. Amefukuzwa na feni.

Mwenzake wa Nairobi, chumba kile kile, kipato kile kile, analala na blanketi mbili. Yeye anabaki ndani ya 30 bila kujua kuna vita. Mimi sisemi EPRA walikaa chini wakapanga kutuumiza. Nasema mtu anayeandika sheria akiwa mji ulio mita 1,700 hivi juu ya bahari hawezi kukumbuka feni. Ushahidi? Kanuni za 2016 za kuweka lebo ya matumizi ya stima kwenye vifaa ziligusa friji, AC, taa, hadi mota za fezi tatu za viwandani. Feni haikuwemo. Mwenye AC akapewa nyota za kumsaidia kuchagua, mwenye feni akaachiwa maneno ya muuza duka.

Na hesabu za watu si za mchezo. Sensa ya 2019 iliipa Mombasa watu 1,208,333. Ongeza Kilifi na Kwale, unafika milioni tatu na nusu. Hapo sijataja Lamu, Garissa wala Kisumu. Hao wote wanahitaji kitu kimoja: mota ndogo isiyo na njaa.

Mota yenyewe iko vipi

Hapa naomba nikiri kitu. Nilisoma diploma ya umeme kwa chuo fulani, sitakitaja, hadi karo ikanishinda mwaka wa pili. Kwa huo muda wote mwalimu alituchorea mota ubaoni mara nyingi tu. Kufungua moja kwa mkono wangu? Hata siku moja. Mota yangu ya kwanza niliifungulia kibandani kwa fundi wa Majengo, mzee ambaye hajawahi kuingia chuo chochote. Nilimuuliza anajifunza wapi. Akanicheka: "Mwanangu, kila feni iliyoungua ni mwalimu."

Ukifungua feni ya dari utashangaa. Mota nyingi unazozijua, kinachozunguka kiko ndani na mwili umetulia nje. Feni ya dari imegeuzwa. Katikati kuna chuma kilichopangwa vibati vyembamba, kimefungwa nyaya, hicho hakiendi popote kwa sababu kimeshikwa na ule mlingoti wa darini. Kinachozunguka ni ganda la nje, lile unalofungia mapanga. Ndiyo maana linaweza kubeba mapanga bila gia yoyote.

Zile nyaya ziko makundi mawili. Kuna koili za kurani na koili za kuanzia. Feni nyingi zinakuja na 14 kwa 14, nyingine 12 kwa 12. Kila koili ina mamia ya mizunguko ya waya mwembamba kama uzi. Stima ya nyumbani ni fezi moja, na fezi moja peke yake haijui izungushe mota kushoto au kulia, inatetemeka tu. Kapasita ndiyo inafanya stima ya koili za kuanzia itangulie kidogo, hapo mota inapata mwelekeo. Na idadi ya koili ndiyo inaamua spidi: kwa stima yetu ya 50 hezi, mota ya 14 haiwezi kupita mizunguko 428 kwa dakika hata uisukume. Ukiongeza mapanga na upepo inashuka hadi kama 350.

Kutokana na hapo utajua mambo mawili ya kukuokolea doh leo. Feni yako ikianza kuzunguka kama imekula pilau ya harusi, kabla hujakubali kuambiwa "mota imeisha", badilisha kapasita kwanza. Nyingi ni za 2.5 na ni kitu cha bei ndogo. Ila usikubali kuwekewa kubwa kuliko ile iliyoandikwa ati ndio ishike spidi. Itashika, halafu koili za kuanzia zitachemka na miezi michache baadaye utarudi kwa fundi huyo huyo. Wengine wanalijua hilo vizuri sana.

La pili ni kopa. Koili ya alumini inapitisha stima kama asilimia 61 tu ya kopa ya unene ule ule, kwa hivyo inapoteza stima zaidi kama joto. Watengenezaji wa feni za bei chee wanapenda alumini kwa sababu ni rahisi na nyepesi, na ile rangi ya juu ya waya inapakwa ifanane na kopa. Wewe ukichungulia unaona nyekundu-nyekundu, unafurahi. Fundi anakwaruza na wembe mara moja. Ikitokea nyeupe, umeuziwa hadithi. Bila wembe, beba mota mkononi: kopa ni nzito mara tatu na zaidi.

Nimekaa pale nikamwona kijana wa miaka 19 hivi akifunga koili 28 kwa mkono, anahesabu kimya kimya huku redio inapiga kelele. Akikosea hesabu anaanza koili upya. Waya ulioungua haurushwi, unawekwa kwa gunia unauzwa kwa kilo. Hiyo ni sehemu ya mshahara, na ndiyo maana Januari 2022, Rais Uhuru Kenyatta alipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya wezi wa nyaya na milingoti ya stima, vibanda kama hivi vilisikia baridi hadi marufuku ilipoondolewa kwa masharti miezi kadhaa baadaye. Mwizi wa transfoma na fundi wa feni waliwekwa gunia moja.

Mgeni mpya mtaani

Sasa kuna mota nyingine, inaitwa BLDC. Utaiona kwa boksi imeandikwa hivyo, inakuja na rimoti. Humo ndani ganda la nje limebandikwa sumaku, na koili za katikati zinawashwa na kuzimwa na bodi ya elektroniki kwa zamu, sumaku inafukuzia. Ile feni ya zamani lazima ipoteze stima kutengeneza sumaku yake kwenye ganda. Hii inayo tayari. Matokeo: upepo ule ule kwa wati 28 hadi 35.

Rudia hesabu yetu na wati 30. Masaa 12, mwezi mzima, ni uniti 10.8. Umerudi ndani ya 30, na nafasi ya kuchaji laptop unayo. Tufanye uniti moja ni bob 28 ukijumlisha kodi zote, unabaki na kama 450 kila mwezi wa joto. Kwa mtu wa mshahara hiyo ni kitu kidogo. Kwa mama anayeuza viazi karai pale Saba Saba hiyo ni mtaji.

India walishtuka mapema. Injinia wawili waliotoka IIT Bombay walianzisha kampuni ya Atomberg mwaka 2012, na feni zake za BLDC zikafanya makampuni makubwa ya zamani yaanze kukimbia. Kisha tangu Januari 1, 2023, serikali ya huko ikalazimisha kila feni ya dari iwe na lebo ya nyota. Pakistan wana mji unaitwa Gujrat (usichanganye na Gujarat ya India walikotoka mababu wa majirani zetu wengi hapa), wao na jirani zao wa Gujranwala wanaishi kwa kutengeneza feni. Mmoja anapiga vibati, mwingine anafunga koili, mwingine anamwaga ganda, feni inatoka upande wa pili wa mtaa. Ukiniuliza mimi, picha hiyo ndiyo ya Majengo. Ile ya kiwanda cha kioo na utepe wa kukata, wapelekee wengine.

Lakini sisi tunapenda utepe. Oktoba 2023 tulifunguliwa kiwanda cha simu Athi River. Pikipiki za umeme zinaunganishwa Nairobi. Na ukiangalia, mota iliyo ndani ya gurudumu la baadhi ya hizo pikipiki ni ndugu wa feni ya BLDC: koili katikati, sumaku kwa ganda, bodi inatoa amri. Tofauti ni nguvu. Huku pwani tuna bandari, tuna eka kama 3,000 zimetengwa Dongo Kundu kuwa ukanda maalum wa viwanda. Tuna TUM pale Tudor, mwendo wa mguu kutoka Majengo, chuo kilichoanza kupokea wanafunzi 1951 kikiitwa MIOME, kazi yake ikiwa ni kufundisha Waislamu wa Afrika Mashariki ufundi. Ufundi, wasee. Hadi ushuru wa EAC unavuta upande huo: malighafi sifuri, bidhaa ya nusu njia asilimia 10, bidhaa iliyokamilika 25, na baadhi 35 tangu Julai 2022. Kwa karatasi, kuleta waya na vibati ukafunge hapa kunalipa kuliko kuleta feni nzima.

Kwa nini haifanyiki? Vibati vya chuma cha mota vinahitaji mashine ya kukata yenye kufa zake, na hizo ni pesa. Soko la feni liko pwani na ziwani tu, mwenye mtaji yuko kwenye baridi. Halafu kuunganisha si kubuni. Ukiletewa boksi lenye mota tayari wewe ukakaza skrubu, umepata kibarua. Siku boksi likiacha kuja, umerudi kijiweni.

Na hapo ndipo sitaki kukudanganya na hii BLDC. Feni ya zamani ikiungua, yule kijana wa miaka 19 anaifufua kabla ya Maghrib. BLDC ikiungua, mara nyingi koili ziko sawa kabisa, ni bodi imekufa. Na bodi hufa stima inapopotea na kurudi kwa kishindo, jambo ambalo hapa kwetu huhitaji kuelezwa. Duka linasema waranti haihusu "mambo ya stima". Bodi mpya hakuna. Feni ya wati 30 inageuka pambo, na fundi anayejua kila kitu cha mota anaonekana hajui kitu.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema serikali iziweke feni kwenye lebo, nakubali haraka sana. Ila iandikwe pia kwamba anayeziingiza nchini alete bodi za akiba na mchoro wake. NITA wana kituo hapa Mombasa, wanapima mafundi kwa daraja. Nionyesheni mtihani mmoja unaomuuliza fundi wa feni kuhusu bodi.

Wiki iliyopita nilipita tena kwa yule mzee. Chini ya meza ana katoni ya feni za BLDC zilizokufa, wenyewe walichoka kuzifuata. Amezifungua zote. Amezipanga kwa aina, amegundua tatu kati yao zina hitilafu mahali pamoja, kijisehemu kimoja kimepasuka, na ameshakibadilisha kwenye moja kwa spea aliyoitoa kwa chaja ya laptop ya mtumba. Iliwaka. Ilizunguka dakika kama nne hivi, ikasimama, sasa inapepesa taa nyekundu tu.

"Hii taa inaniambia kitu," akasema, "lugha yake ndio sijui."

Kama wewe umesoma elektroniki na unaijua hiyo lugha, shuka Saba Saba uulizie mafundi wa feni. Utaonyeshwa. Beba maji ya baridi, huko ndani feni hakuna, zote ziko mezani.