Kabla ya Kupokea Kiti cha Magurudumu

Jirani yangu ana binti wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo. Wafadhili walimletea kiti cha magurudumu, nasi tukaenda kumpongeza. Miezi mitatu baadaye nilimkuta mtoto amelazwa mkekani, na kiti kiko pembeni kimeanikwa nguo. Nusura nimlaumu.

"Dada, akikaa mle anazama," akaniambia. Akamkalisha ili nione. Kilikuwa kiti cha mtu mzima! Mtoto aliangukia upande mmoja, miguu ikaning'inia, na makalioni alikuwa na alama nyeusi iliyoanza kuchubuka.

Jirani yangu hakuwa mvivu. Kosa ni kutoa kiti bila kumpima atakayekikalia. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka mtumiaji achunguzwe na kupimwa, kiti kirekebishwe kulingana na mwili wake, kisha yeye na jamaa zake wafundishwe kukitumia na kukitunza.

Baadhi ya vipimo waweza kuvikagua kwa tepu ya fundi cherehani. Upana wa kiti ulingane na nyonga za mtoto, au uzidi kidogo sana. Usikubali kuambiwa "atakua tu", kama tunavyonunua sare za shule. Nafasi ikizidi, mtoto hukaa upande, na mgongo waweza kupinda. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili hivi, na nyayo zikanyage vizuri pa kuwekea miguu. Asiyeweza kujishikilia huhitaji pia viegemeo vya kiwiliwili na kichwa. Hapo usibahatishe, mwone mtaalamu wa tiba ya viungo. Kwa walio Tanzania, kuna mafundi waliosomea kazi hii katika chuo cha TATCOT kilichopo KCMC, Moshi.

Mto wa kukalia nao si pambo. Mto mzuri hupunguza mgandamizo unaoleta vidonda, na vidonda hivyo huweza hata kuua. Kila jioni mkague mtoto makalio na mgongo. Katika ngozi nyeusi huenda usione wekundu. Tafuta sehemu iliyokolea, iliyo ngumu au yenye joto. Alama isipotoweka baada ya kumtoa kitini, mpeleke kituo cha afya.

Halafu tazama njia yako. Magurudumu madogo ya mbele huzama mchangani. Kiti chenye gurudumu moja kubwa lililotangulia mbele hupita vizuri zaidi kwenye mashimo, lakini hutaka nafasi kubwa ya kugeukia, kwa hiyo pima na mlango. Muulize pia fundi baiskeli wa mtaani kama tairi na beringi zake anazo. (Mimi ningemuuliza huyo kabla ya yeyote.)

Jirani yangu alimpeleka binti kupimwa, akapata kiti kidogo chenye viegemeo. Kile kikubwa kilirudishwa. Siku hizi mtoto hukaa mezani na ndugu zake, na kaka yake analalamika kwamba humnyang'anya viazi sahanini. Mwakani watarudi kupima tena, maana amerefuka.